Jumuiya Yetu Ilipohamia Kwenye Simu

Utotoni kwangu Katindiuka, Ifakara, taarifa ya jumuiya ilitembea kwa miguu. Mwenyekiti akishapata neno kutoka parokiani alimtuma mtoto nyumba ya pili, ya pili wakamtuma wa kwao nyumba ya tatu, hivyo hivyo hadi mwisho wa mtaa. Pengine neno liliharibika njiani: saa kumi na mbili asubuhi ikafika kuwa saa kumi na mbili jioni, wazee wakakuta sala imeshakwisha na viti vimerudishwa ndani. Hakuna aliyelalamika sana, kwa sababu mtoto yule alirudi na habari zake: kwa fulani kuna homa, kwa fulani jiko halijawashwa tangu jana. Nusu ya kazi ya jumuiya ilikuwa hiyo.

Mpango wenyewe wa jumuiya ndogondogo za Kikristo haukuzaliwa Ifakara. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliukazia miaka ya 1970, na katika mkutano wao wa Nairobi wa 1976 wakaufanya kipaumbele: Kanisa lianzie kwenye nyumba za majirani. Tanzania tulikuwa tumeshazoea balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo hatukuhitaji kufundishwa sana. Lakini huku bonde la Kilombero majirani wenyewe huhama. Mvua zikianza, kaya nyingi hufunga nyumba na kwenda kuishi kwenye mashamba ya mpunga, wengine ng'ambo ya mto kabisa, wakalala madunguni na kufukuza ndege mpaka wavune. Nyumbani hubaki wanafunzi, wagonjwa, wazee wasiojiweza na watumishi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Daftari letu la mahudhurio kwa miezi hiyo lilijaa "sh", maana yake shambani.

Ubaya wa "sh" ulionekana kwenye msiba. Kumfikia mtu wa upande wa Lupiro, ng'ambo ya mto, kulitaka baiskeli, kivuko na bahati. Daraja tumelipata 2018. Nimeshuhudia kaburi likifukiwa huku kaka wa marehemu akiwa bado anapalilia, hajui lolote.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema simu ilikuja kuivunja jumuiya. Kwetu ilikuja kwanza kama dawa ya msiba. Ilipoingia simu ndogo, watu wa shambani walijua kichuguu gani kina mtandao, na jioni ungewaona wamesimama juu yake wakisikiliza nani anaumwa. M-Pesa ilianza nchini 2008, na baada ya muda mchango wa jeneza haukusubiri tena mtu auze gunia. Mwaka 2011 nikaona upande wa pili wa kifaa hicho. Habari za Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile na kikombe chake cha dawa cha shilingi 500, zilitufikia kwa meseji na kwa kupigiana, zikaenea mtaani wakati mimbarini hazijatajwa. Wakatoliki, Walutheri, Waislamu, wote walikuwa wanaulizana nauli ya kwenda kwake. Tangu hapo padre hakuwa tena mtu wa kwanza kutuambia Mungu anafanya nini na wapi.

Grupu la WhatsApp lililetwa na kijana aliyekuwa katibu wetu. Salamu yake ni TYK, yaani Tumsifu Yesu Kristu, na jibu ni MA, Milele Amina. Mwanzoni wazee waliona ni kumpunja Bwana herufi. Baadaye walizoea, na wengine sasa ndio mabingwa wa kutuma picha za maua zenye "Asubuhi njema" kabla jogoo hajawika. Waliingia wa mtaani, kisha watoto wetu walioko Dar es Salaam, Mbeya na Dodoma, kisha binti mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat. Huyo, Oktoba ya kwanza tangu aondoke, aliomba arekodiwe rozari ya jumuiya ili aisikilize usiku, akishamaliza vyombo vya matajiri wake. Tukamtumia. Kuku, watoto na pikipiki za barabarani zilisikika vizuri kuliko sala, naye akajibu kwamba hizo hasa ndizo alizokuwa anazitaka.

Mwaka 2020 nchi nyingi, hata jirani zetu Wakenya, zilifunga makanisa kwa sababu ya korona, na watu wakahamia Misa za kwenye skrini. Tanzania shule zilifungwa ila nyumba za ibada ziliachwa wazi. Rais Magufuli alilisema hilo akiwa kanisani Dodoma, mwezi Machi. Kwa hiyo sisi hatukuwahi kulazimika kuchagua kati ya benchi na skrini. Kanisa kuu la Mtakatifu Andrea linajaa kama zamani. Anayetafuta mabenchi matupu Ifakara ili athibitishe kwamba mtandao umeua dini atarudi mikono mitupu. Mabadiliko yetu yalipita mlango mwingine, mlango wa michango.

Kila aliye kwenye grupu anaijua ile orodha. Katibu anaandika shughuli, ukarabati wa kigango au matibabu ya mwanajumuiya, kila anayetoa ananakili orodha, anaongeza jina na kiasi, anairudisha. Inakua kama mkia wa kishada, na wote tunautazama. Wa Dar wanaweka elfu hamsini, laki. Wa mtaani tunaweka elfu mbili, tano, au tunanyamaza kwa aibu hata kama tungeweza kutoa elfu moja. Zamani bahasha ilificha. Orodha haifichi kitu. Na anayetoa laki, ni jambo la kibinadamu, anataka kusikika. Polepole tukaanza kuamua mambo usiku, kwenye grupu, wakati watu wa mjini wametoka kazini, na kikao cha Jumamosi asubuhi kikawa cha kusomewa kilichokwisha kuamuliwa.

Jirani yangu, bibi mwenye kitochi cha kupokelea simu tu, alileta kilo tatu za mchele kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Katibu akauandika mwisho wa orodha, "bibi: mchele", bila tarakimu. Jumla haikuuhesabu. Nilipomuuliza bibi kwa nini siku hizi haji kwenye sala akanijibu, "Mjukuu wangu, nije kusikiliza nini? Mmeshaongea." Anaishi hatua chache kutoka kwa mwenyekiti. Binti wa Muscat alikuwa anajua mambo ya mtaa wetu kuliko yeye.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa. Rozari za Oktoba zilikuwa zinafungwa, na Novemba 2, kumbukumbu ya marehemu wote, ilikuwa inaangukia Jumapili. Majina ya kuombewa tulikuwa tumezoea kuyakusanya kwenye grupu. Safari hii tulitembea. Nilipita nyumba ambazo, nakiri, nilizijua kwa namba za simu zaidi ya kwa milango yake. Bibi wa mchele alitutajia marehemu wa mtaa mzima bila karatasi, pamoja na wale waliofia mashambani. Mtandao uliporudi, meseji za wa mbali ziliporomoka kwa mkupuo, zimejaa hofu: mko salama? Mbona kimya? Wasiwasi wao ulikuwa wa ndugu, siwezi kuudharau.

Ulipofika wakati wa kuchagua viongozi wa jumuiya, wachache walipendekeza walio mbali wapige kura kwenye grupu, na mmoja wao wa Dar, mtoaji mkubwa, agombee uenyekiti. Ubishi ulikuwa mkali. Katekista alisema mwenyekiti ni mtu wa kugonga mlango wa mgonjwa, na kura ni ya anayesali hapa. Nilisimama upande wake, ingawa najua bati za kigango zimenunuliwa na akina nani. Yule wa Dar hakukasirika, au hakuonyesha. Kesho yake alituma mchango wake, na chini yake akaandika kwamba mwezi wa sita anakuja kuvuna, atahudhuria kila Jumamosi, na jina lake liingizwe kwenye daftari.