Bolti Iliyokataa Kutoka

Vitabu vya matengenezo ya magari vina desturi ya kusema maneno machache mahali penye kazi nyingi. Mtu afunguaye ukurasa wa kubadili mkanda wa taimingi ataona mstari mmoja ukiagiza injini itegemezwe kwa jeki, na mstari wa pili ukiagiza mauntini ifunguliwe. Basi. Mwandishi aendelea na safari yake kana kwamba mauntini imekwisha kulazwa mezani. Hapa kwetu Kabondo-Dianda, mwaka jana, kati ya mstari huo na ule uufuatao zilipita siku mbili nzima. Mimi nilikuwapo, kwa kuwa kitabu kilikuwa cha Kiingereza na fundi alitaka mtu wa kumsomea. Nimeona vema kuyaandika yaliyopita katika siku hizo, maana kitabuni hayamo.

Kwa wasioufahamu mkanda huo, ni ukanda wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi ngumu, wenye meno upande wa ndani. Huiunganisha krankishafti, ambayo ndiyo izungushwayo na pistoni, na kamshafti, ambayo kazi yake ni kufungua valvu kwa zamu. Pistoni na valvu sharti ziende pamoja kama waimbaji na mpiga kinanda. Hapo kwanza kazi hiyo ilifanywa kwa mnyororo au kwa magurudumu ya meno. Gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa namna hii ni Glas 1004 ya Ujerumani, mwaka 1962. Mkanda ni mwepesi, hauna kelele, wala hauhitaji mafuta. Lakini una siku zake. Watengenezaji wengi huagiza ubadilishwe ikifika kilomita 100,000 hivi, wengine mapema zaidi. Ukikatika njiani injini huzimika palepale. Na katika injini nyingi pistoni huzigonga valvu na kuzipinda, hata gharama ikapita bei ya mkanda mara nyingi.

Mauntini nayo ni kiti cha chuma na mpira kiibebacho injini, ili mtetemo wake usienee katika bodi. Katika magari mengi madogo injini imelazwa kwa kukingama, na mkanda uko ubavuni, karibu sana na ukuta wa bodi. Mauntini ya upande huo husimama penye njia ya mkanda, kama nguzo iliyojengwa katikati ya mlango. Hupiti mpaka uiondoe.

Gari ninalolisema ni Toyota ndogo ya miaka ya 1990, mali ya mfanyabiashara mmoja wa hapa. Siku za kawaida hubeba abiria na magunia. Lakini kila mtu mtaani ajua kwamba usiku, mama akikawia kujifungua, au mtoto akishikwa na homa ya kumtia kifafa, mlango ubishwao hodi ni wa mwenye gari huyo, ili mgonjwa afikishwe Kamina. Mvua zilikuwa zimekaribia. Fundi alipofungua kifuniko cha juu alikuta mgongo wa mkanda umepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, wala hapana aliyejua ulifungwa mwaka gani. Akamwambia mwenye gari, “Yaya, gari hili lisitoke tena hapa mpaka nimebadili.” Mwenye gari hakufurahi, lakini alikubali.

Gurudumu la kulia likatolewa, mawe yakawekwa nyuma ya mengine, bodi ikakalishwa juu ya magogo manene. (Hili nalisema kwa ajili ya vijana: jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.) Kisha jeki ikawekwa chini ya injini, na juu ya jeki kipande cha ubao, maana sinia ya mafuta ni bati jembamba, na chuma kikiibana hubonyea au kupasuka. Bolti mbili za mauntini zikatoka kwa amani. Ya tatu ikakataa.

Kwa nini bolti hukataa? Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo. Hivyo katika hesi, yaani ile mikunjo izungukayo bolti, kutu huvimba na kubana kama kabari. Tena mengi ya magari yetu yalitumika kwanza nchi za theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari hufika Afrika likiwa limekwisha kuliwa. Na pale ambapo bolti ya chuma imefungwa katika kipande cha aluminiamu, kama ilivyokuwa hapa, maji ya chumvi huziunguza metali hizo mbili zikashikana kama zilizogandishwa kwa gundi.

Msaidizi wa fundi ni kijana niliyemfundisha darasa la sita. Alileta bomba refu la maji, akalivika kwenye mpini wa spana, akasema kwa furaha, “Mwalimu, si ulitufundisha wenzo? Mkono ukiwa mrefu, nguvu huongezeka!” Kwa kweli ndivyo nilivyofundisha, na ndivyo ilivyo. Fundi akalichomoa bomba pole pole, akaniuliza mimi, si kijana, “Na kitabu cha shule chasema nguvu hiyo ikizidi huenda wapi?” Kisha akajibu mwenyewe: huenda shingoni mwa bolti. Bolti ikikatika, nusu yake hubaki tunduni, na hapo hakuna spana iwezayo kuishika. Sharti itobolewe kwa keekee katikati kabisa, kwa mkono usiotetemeka, kwa ncha ngumu ambazo hapa hazipatikani. Kipande kipya kingetoka Lubumbashi kwa treni, treni ijapo.

Alianza kwa kazi ambayo kijana aliiona ya kike: kusugua. Kwa brashi ya waya alisafisha kichwa cha bolti mpaka pembe zake sita zikaonekana wazi, ndipo akachagua soketi yenye pembe sita. Soketi ya pembe kumi na mbili hushika ncha tu, ikiteleza hukivingirisha kichwa kikawa duara, na bolti yenye kichwa cha duara ni msiba mwingine. Akatia mafuta membamba ya kupenya kutu. Kopo lilikuwa karibu kwisha, akaongeza mazuti. Akakigonga kichwa kwa nyundo, si kwa hasira, bali kwa mapigo mafupi yaliyo sawa, ili kutu ipasuke ndani na mafuta yapate njia. Akasubiri. Akajaribu kwanza kuikaza bolti kidogo, kisha kuilegeza. Haikutikisika. Akatia mafuta tena, akaenda kula.

Alasiri mwenye gari alirudi, na maneno yakawa makali. Alitaka mauntini ikatwe kwa jenereta na mashine ya kukatia, au ichomwe kwa moto mkali, mradi gari litembee kesho. Sikumlaumu. Jirani yake mmoja alikuwa na mkewe mwenye mimba ya miezi minane, na kila mtu alijua gari lile lilikuwa likingojewa kwa ajili ya nani. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nikiikata leo, utapata gari lisilo na kiti cha injini. Utampakia mgonjwa juu ya nini?”

Kuhusu moto alimweleza zaidi, nami nalipenda nililolisikia. Chuma kikipashwa moto huwa chekundu, na fundi aliona jicho lake likimwonya. Aluminiamu haionyi: huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aluminiamu ya kumiminia mapema zaidi, kabla ya kuwaka rangi yo yote nyekundu. Mtu aweza kuingoja ibadilike rangi mpaka idondoke chini kama nta. Tena karibu yake upo mpira wa mauntini, lipo bomba la petroli, na yapo yale mafuta aliyomimina mwenyewe. Lakini joto dogo lina faida, kwa kuwa aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha pua. Tundu likipashwa, hufunguka kuliko bolti ijazavyo. “Kwa hiyo hupashwa nyumba,” alisema, “si mgeni aliye ndani.”

Kengele ya Malaika wa Bwana ililia, akafunga kazi. Bolti ililala na mafuta.

Usiku ule niliwaza habari za chuma katika nchi yetu. Huko Sanga, penye ziwa Kisale, wataalamu walichimba tangu mwaka 1957 wakafunua makaburi ambayo baadhi yake yapita umri wa miaka elfu moja, yenye vyungu vizuri ajabu, shaba na zana za chuma. Na masimulizi ya Waluba huuweka ufundi wa chuma karibu na kiti cha ufalme. Hata hivyo nimewasikia wazazi wa hapa wakimwambia mtoto aliyeshindwa mtihani, “Basi, nenda kwa fundi,” kama vile mtu apelekwaye kifungoni. Mapadre wa Don Bosco walipofika Elisabethville mwaka 1911, mji tuuitao leo Lubumbashi, walifungua shule pamoja na karakana. Na Papa Pius XII aliiweka mwaka 1955 sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Siku hiyo twaimba kwa sauti kuu. Siku ya pili twawatisha watoto kwa karakana.

Asubuhi fundi alipangusa mafuta yote kwa kitambaa kikavu, akaufunika mpira kwa matambara yaliyolowa, akaweka ndoo ya mchanga karibu, akakipasha kipande cha aluminiamu kwa moto mdogo uliokuwa ukihamahama bila kutua. Kila mara alitema mate kidogo juu yake asikilize yanavyochemka. Kisha akaugusisha mshumaa kwenye shingo ya bolti, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani. Akamkabidhi kijana spana, bila bomba. “Kaza kwanza, mwanangu.” Kijana akakaza. “Sasa rudisha.” Ukasikika mlio mmoja mkavu, kama kuni ivunjikayo. Mimi nilidhani imekatika. Fundi alikuwa amekwisha kutabasamu.

Hata hapo haikuvutwa kwa pupa. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta. Nusu mbele, robo nyuma. Na ilipolegea kabisa ilikigonga kichwa chake kwenye ukuta wa bodi, maana ilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyopo. Jeki ikainuliwa kidogo, kiasi cha upana wa vidole viwili, ndipo ikatoka.

Mengine yalikuwa mepesi, na hapa kitabu kilistahili heshima yake. Nilisoma alama za kulinganisha, nikasoma kipimo cha kukazia katika nyutoni-mita, na fundi akakifuata bila kuongeza hata kidogo. Kabla ya kuwasha aliizungusha injini mara mbili kwa spana, kwa mkono, akahakikisha kwamba alama zimerudi mahali pake. Bolti mpya ilipakwa grisi. Halafu akaniomba penseli, akaniagiza niandike pembeni mwa ukurasa, kwa Kiswahili: brashi, mafuta, nyundo, ngoja, nyumba si mgeni, kaza kwanza.

Siku ya tatu usiku yule mama alipelekwa Kamina, na mtoto ni msichana. Fundi alikuwa amemwagiza mwenye gari arudi baada ya wiki mbili ili bolti zikaguliwe tena. Hajarudi hata leo. Ila twalisikia gari likipita.