Mavazi ya Sultani na Watu Kumi





Wiki iliyopita, baada ya katekesi ya vijana, kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu tukiwa tumesimama mlangoni. Alikuwa amesoma habari za Zama za Kati, yaani ile miaka elfu moja hivi tangu kuanguka kwa Dola ya Roma ya Magharibi mwaka 476 hadi karne ya 15. Akaniambia: "Padre, zama zile karibu kila mtu alimwamini Mungu. Mbona basi wanyonge waliteseka vile?" Nilimwahidi kwamba jibu langu atalisoma hapa.

Tuanze nyumbani, maana nasi tulikuwako. Tunapotaja Zama za Kati, fikra hukimbilia Ulaya, kwenye majumba ya mawe na wapanda farasi wenye mavazi ya chuma. Lakini katika miaka ile ile kisiwa hiki cha Pemba kilikuwa na miji, mashamba, misikiti na bandari. Jaribuni kuifikiria Pemba ya wakati huo. Iondoeni mikarafuu yote, kwa kuwa ililetwa visiwani hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Uondoeni na muhogo, na mahindi, na mapapai, na mananasi, kwa kuwa asili yake ni Amerika, na vilitufikia baada ya meli za Wareno kupita pwani yetu mwaka 1498. Kinabaki nini? Kinabaki samaki, nazi, kunde, na nafaka za zamani.

Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba kule Tumbe na Chwaka, kaskazini mwa kisiwa, na mwenzao Sarah Walshaw akazichunguza mbegu zilizoungua na kubaki ardhini. Walichokiona kinanifurahisha kila nikikikumbuka. Watu wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, walikula zaidi mawele. Watu wa Chwaka, mji uliokua tangu karne ya 11, waligeukia mpunga. Basi wali ambao kwetu ndio chakula cha mgeni na cha sikukuu una historia ya karne nyingi kisiwani. Humo humo Chwaka zilionekana bakuli zilizoletwa kutoka ng'ambo na vifaa vya kusokotea pamba. Misikiti ilijengwa kwa mawe, lakini watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, zilizoezekwa kwa majani. Wapemba wengi wenye umri wangu wamezaliwa katika nyumba za namna hiyo.

Wala hatukuwa kisiwa kilichosahauliwa. Mwandishi al-Masudi wa Baghdad alifika mwanzoni mwa karne ya 10 katika mji alioutaja kwa jina la Qanbalu, na wataalamu wengi wanaamini kwamba mji huo ulikuwa hapa Pemba. Wengine wanauelekeza Ras Mkumbuu, magharibi mwa Chake Chake. Mwaka 1984, kule Mtambwe Mkuu karibu na Wete, zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu kutoka nchi za mbali. Mtu alizificha ardhini asirudi kuzichukua.

Huko Ulaya nako maisha ya kawaida hayakuwa majumba ya kifalme. Watu walio wengi walikuwa wakulima. Walikula mkate mweusi, uji wa nafaka, kabichi na maharage. Viazi na nyanya hawakuvijua, maana navyo vilitoka Amerika baadaye. Wengi wao walifungwa kwenye ardhi ya bwana. Hawakuuzwa sokoni mmoja mmoja kama watumwa, lakini hawakuwa na ruhusa ya kuhama, na shamba likiuzwa nao walihesabiwa pamoja nalo. Siku kadhaa za juma walilima shamba la bwana bila ujira. Nafaka yao walitakiwa kuisaga katika kinu cha bwana na kulipia. Kanisa liliwapa kengele ya kuwagawia siku, Dominika na sikukuu za kupumzika, na nyumba za kuwatunzia wagonjwa na wasafiri. Kanisa hilo hilo lilipokea kwao fungu la kumi, na monasteri nyingi zilikuwa na wakulima wa namna hiyo katika mashamba yao.

Kisha ikaja tauni kuu ya mwaka 1347 hadi 1351, ikaua pengine theluthi moja ya watu wa Ulaya au zaidi. Wafanyakazi wakawa haba, nao waliosalia wakaanza kudai malipo bora. Watawala wa Uingereza walijibu kwa sheria ya mwaka 1351 iliyoamuru kwamba mishahara irudi kuwa ile ya kabla ya tauni. Watu waliotunga sheria hiyo walikuwa waamini, wakishiriki Misa na kuwaombea marehemu wao. Muda si mrefu kabla ya hapo walikuwa wamewazika watoto wao pamoja na watoto wa wakulima wao.

Hapo ndipo swali la kijana wetu linapouma. Nami naona kwamba kisa kinacholifafanua kuliko vyote hakikutokea Ulaya, bali katika pwani yetu hii.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa, wakati huo mji tajiri kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Aliyetawala ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja ya Ijumaa, Sultani alipokuwa anatoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha na kumwomba mavazi aliyoyavaa. Sultani hakukasirika. Alirudi ndani, akabadili nguo, na yale mavazi ya kifalme akaagiza apewe yule fukara. Watu wakamsifu sana kwa unyenyekevu wake.

Mkristo akisikia kisa hiki humkumbuka mara moja Mtakatifu Martino wa Tours, askari aliyelikata joho lake na kumpa nusu maskini, au Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyevua nguo zake mbele ya askofu na kumrudishia baba yake. Nami nasema bila kusita kwamba tendo la Sultani lilikuwa jema.

Lakini kisa hakiishii hapo. Mtoto wa Sultani aliyachukua tena yale mavazi, na badala yake akampa fukara watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, aliamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Someni tena taratibu. Fukara aliomba nguo, akaondoka na watu ishirini. Jina la Sultani tunalijua, na fukara tunajua alikotoka. Wale ishirini hawana jina, wala kabila, wala mama. Hakuna aliyeandika kama kati yao alikuwamo mtoto. Wamewekwa katika sentensi moja na meno ya tembo. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba Sultani huyo alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi za jirani na kuteka nyara. Basi ukarimu ule ulikuwa wa kweli, na mali iliyougharimia ilikuwa watu.

Tusiwanyoshee kidole jirani zetu Waislamu, ambao dini yao pia inahesabu kumwacha huru mtumwa kuwa tendo kubwa la thawabu. Kwetu sisi kumbukumbu ni nzito vilevile. Katika miji ya Kikristo ya Genova, Venesia na Firenze, familia zenye uwezo zilinunua watumwa wa nyumbani walioletwa kutoka pande za Bahari Nyeusi. Ni kweli kwamba Papa Eugenio IV, mwaka 1435, aliwaagiza Wakristo wawaachie huru wenyeji wa Visiwa vya Kanari waliokuwa wametekwa. Lakini miaka 17 baadaye, mwaka 1452, Papa Nikolao V alimpa mfalme wa Ureno idhini ya kuwatia Waislamu na wapagani katika utumwa wa kudumu. Mwaka 1992, katika kisiwa cha Gorée nchini Senegali, Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha kwa dhambi ya Wakristo walioshiriki biashara ile. Mwaka 2023 Vatikani ilitamka wazi kwamba inayakataa mawazo yaliyojengwa juu ya hati za aina hiyo. Ni zaidi ya miaka 500 kati ya hati na tamko.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni hili. Watu wa zama zile waliamini kweli, na wengi walitoa kweli. Walijiuliza, "Nimpe nini maskini?" Ni wachache waliokwenda hatua ya pili na kuuliza, "Hiki nikitoacho nimekipata kwa jasho la nani, na huyo amelipwa nini?" Sadaka ilizigusa nguo za mtoaji, lakini haikuugusa utaratibu uliompatia nguo hizo.

Na hao walio chini, hata wakikosa kuandika, hukumbuka. Si mbali na hapa Wawi, kule Pujini, yapo magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo wazee huihusisha na mtawala aitwaye Mkame Ndume, jina linaloelezwa kuwa na maana ya mkamuaji wa wanaume. Nimetembea pale mara kadhaa. Kuta zimeporomoka, na jambo ambalo wenyeji husimulia kwanza si ufundi wala utajiri wake. Husimulia kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wakijiburuta kwa makalio. Sijui kama ilitokea hivyo hasa, lakini kumbukumbu hiyo imedumu kuliko kuta. Huko Kilwa mgeni mwenye kalamu ameuhifadhi ukarimu wa mtawala. Hapa Pujini watu wasio na kalamu wameuhifadhi uzito wa jiwe.

Zama za Kati zilituachia pia ushuhuda wa mtu wa chini. Mtakatifu Zita, aliyezaliwa karibu na mji wa Lucca nchini Italia mnamo mwaka 1212, aliingia kazi za ndani akiwa na umri wa miaka 12 katika nyumba ya familia ya Fatinelli, wafanyabiashara wa vitambaa, akatumika humo hadi alipofariki tarehe 27 Aprili 1272. Mapokeo yanasema kwamba mwanzoni alidharauliwa na kupigwa, na kwamba chakula chake aliwagawia maskini. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1696, naye ndiye msimamizi wa wafanyakazi wa nyumbani. Familia ya Fatinelli inakumbukwa leo duniani kwa sababu ya mtumishi wao.

Namtaja Zita kwa sababu. Mwaka jana binti mmoja wa kazi za ndani, mzaliwa wa bara, alinijia kuomba nauli ya meli arudi kwao. Ameniruhusu nisimulie, bila kumtaja. Alikuwa na miezi mitano hajapewa mshahara. Nilipozungumza na mwajiri wake, aliniambia bila hila yoyote: "Padre, huyu ni kama mwanangu. Anakula tunachokula. Noeli tulimnunulia kitenge." Naye hakuwa mtu mbaya, ni mwepesi wa kutoa, na wagonjwa wengi wameonja wema wake. Tuliketi watatu, tukahesabu mwezi kwa mwezi kwenye karatasi. Fedha ilipatikana kwa mafungu mawili, na kitenge hakikuhesabiwa ndani yake. Binti alipanda meli akiwa ameshika mshahara wake. Nauli ya sadaka hakuihitaji tena.

Utumwa ulifutwa kisheria visiwani hapa mwaka 1897. Hadi wakati huo karafuu za Pemba zilichumwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Ni juzi tu. Wazee wetu wamewaona watu waliozaliwa ndani yake. Mazoea ya moyo hayafutwi kwa amri ya serikali. Yanabaki pale tunapomwita mtu "mwanangu" ili tusimwite mfanyakazi, kwa kuwa mwana hadai mshahara. Yanabaki pia msimu wa karafuu, mchumaji anapoambiwa asubiri hadi bei ipande, hali familia yake haiwezi kusubiri kula. Mtume Yakobo, katika waraka wake, anasema juu ya ujira uliozuiliwa maneno makali kuliko yale anayosema juu ya dhambi nyingine nyingi. Usomeni waraka huo nyumbani wiki hii, sura ya tano.

Nawaombeni jambo moja dogo kabla ya Dominika ijayo. Kila nyumba yenye mtu wa kazi, kila mwenye shamba na kila mwenye duka, aketi na mtu wake, waulizane bila haya: kuna deni lolote kati yetu? Likiwapo lilipwe kwanza, au ipangwe siku ya kulilipa. Kanisa litaisubiri bahasha ya zaka. Na wewe unayefanya kazi kwa mtu, nawe usiogope kutaja hesabu yako. Kudai ujira wako si kukosa adabu.

Na wewe kijana uliyeuliza, nakushukuru. Babu zetu wa imani, wa Ulaya na wa pwani, tusiwadharau kwa kuwa hawakuuliza swali la pili. Sisi tumesoma habari zao, na hatuna udhuru wa kutouliza.

Mungu awabariki, na Mtakatifu Zita awaombee wote wanaoamka kabla ya wenzao kuwasha moto wa jikoni.

Wenu katika Kristo,
Padre wenu, Wawi