Nilikwama China Bila Mtandao Wala Hela, Aliyeniokoa ni Staa Niliyewahi Kumsema

Najua mmezoea nikija hapa nakuja na ubuyu wa mastaa. Leo ubuyu ni wa kwangu mwenyewe. Kuna staa ndani yake, ila jina sitaji, na nawaomba kwenye komenti msilitaje hata kama mnahisi mnamjua. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Basi bwana, nilienda Guangzhou, China. Watu wa Kariakoo hapo hamhitaji maelezo, mikoba na viatu vingi mnavyouza vinatokea huko. Mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Mama yangu yuko kwenye kikoba cha wanawake kumi na wanne pale Mbagala, na walikuwa wamechoka kununua mikoba kwa bei ya mtu wa tatu. Wakasema, huyu binti yako mjanja wa simu, form four kamaliza, Kiingereza cha kuombea maji anacho, kwa nini asiende yeye? Kila mmoja akatoa laki mbili. Pigeni hesabu: 2,800,000. Na mimi nikaongeza ya kwangu ya matangazo, nikalipa nauli na viza.

Kabla ya kuondoka kaka mmoja mzoefu akanipa somo. "China hakuna anayeshika noti. Hela yote weka kwenye simu, ukibeba noti utaibiwa bure." Nikamsikiliza. Hela ya kikoba yote nikaiacha kwenye akaunti ya simu, nikatengeneza na ile kadi ya mtandaoni inayotoka humo humo, mkononi nikabeba dola 200 tu. Nikajiona mjanja kuliko abiria wote.

Yule kaka hakunidanganya. Kule kweli watu wanalipa kwa simu, kuanzia dukani mpaka kwa bibi anayeuza viazi vitamu barabarani. Unaskani picha ya vidoti ya QR kwa Alipay au WeChat, imeisha hiyo. Na siku hizi hata mgeni anaweza kuunga kadi yake ya Visa au Mastercard humo. Kitu ambacho hakuniambia ni kwamba uungaji wenyewe unafanya ukiwa bado nyumbani kwenu.

Nilitua usiku. Nawasha simu, laini yangu ya Bongo inaniandikia "hakuna huduma". Nazima, nawasha, hakuna. Sikuwahi kuwasha romingi, tena kwenye laini nilikuwa na salio la shilingi 140. Nikabadilisha dola zangu nikapata kama yuani 1,400, teksi ikala 130, hoteli ya usiku tatu pamoja na dhamana ikala 960. Nikabaki na mia tatu na kitu. Nikajipa moyo, waifai ya hoteli ipo, nitaunga kadi, mambo yataenda.

Waifai kweli ipo. Nafungua WhatsApp, inazunguka. Instagram, inazunguka. Google, kimya. Jamani, nilikuwa nasikia tu kwamba China wamefunga hizi programu, nikadhani ni maneno ya watu. Nikawasha ile VPN ya zamani iliyotusaidia wengi kipindi cha uchaguzi wa 2020, nayo ikazunguka mpaka nikapata kizunguzungu mimi.

Nikasema sawa, tuhangaike na hela kwanza. Alipay ikafunguka vizuri, pasipoti ikaikubali, nikaingiza namba za kadi. Ikaniambia: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Simu ipi? Ile ile isiyo na huduma! Ile OTP inatumwa kwenye laini yangu ya Bongo, na laini yangu ya Bongo imekufa mkononi mwangu. Hela ya wanawake kumi na wanne naiona kabisa kwa akili, ila siwezi kuigusa.

WeChat nayo nikajaribu kufungua akaunti, ikataka mtu mwenye akaunti ya siku nyingi aniskani ili kunithibitisha. Namjua nani mimi Guangzhou?

Asubuhi nikanunua laini ya kule. Wanachukua pasipoti, wanakupiga na picha ya uso. Yuani 100 ikaenda. Intaneti ikaja mbio ajabu, lakini WhatsApp bado inazunguka, kwa sababu laini ya kule inafuata masharti ya kule. Siku nzima nikazunguka masokoni naangalia mikoba kama mtalii. Jioni nikala tambi za yuani 15, nikalala. Nyumbani walikuwa hawajasikia sauti yangu tangu nilipopanda ndege.

Siku ya pili nikaenda maeneo ya Sanyuanli kwenye masoko ya mikoba ya ngozi. Nikapata duka lenye mikoba ile ile waliyoitaka kina mama. Muuzaji anaandika bei kwenye kikokotoo, na mimi naandika yangu, tukafikia pazuri. Anataka yuani 800 ya kushikia mzigo, la sivyo jioni anampa mteja mwingine. Mimi nina mia moja na tisini. Nikasimama pale nimeshika mkoba, machozi yananilenga.

Nikasikia nyuma yangu Kiswahili cha Bongo kabisa: "Mdogo wangu, umekwama nini?"

Nageuka. Ni yeye. Kofia, miwani, hana hata chembe ya mekapu, ila nilimjua sekunde ile ile. Moyo ukanilipuka paa!

Hapa niwakumbushe kitu. Mwaka jana niliandika posti humu kuhusu staa mmoja ambaye kila baada ya muda mfupi yuko China. Jina sikuweka. Niliuliza tu, "Mikoba gani hiyo isiyoisha?" nikamalizia na kikatuni cha punda. Hamkuhitaji kuelezewa punda ni nini. Komenti zilizidi mia mbili, na jina lake mkaliandika nyie wenyewe huko chini. Mimi nikafurahia namba.

Sasa huyo ndiye amesimama mbele yangu ananiuliza nimekwama nini.

Nikamweleza, jina la bloguni nikalificha. Akacheka kidogo. "Na mimi safari ya kwanza nililia hivyo hivyo." Akatoa simu, akaskani QR ya yule muuzaji, yuani 800 zikaenda. Halafu akaniwashia hotspoti. "Mimi natumia romingi ya Bongo. Ukiwa kwenye romingi, data yako inapitia kwa kampuni ya nyumbani, ndiyo maana WhatsApp inafunguka. Ongea na nyumbani kwanza, mikoba haikimbii."

Nikaunga. WhatsApp ikafunguka, meseji zikamwagika kama mvua ya masika.

Mama alikuwa ametuma sauti kumi na moja. Ya kwanza kawaida, "Umefika mwanangu?" Ya nne ana hasira. Ya saba anasema jirani mmoja kaja kumwambia kwamba mabinti wanaokwenda China halafu simu ikazimika, watu huwa wanajua wamekamatwa na nini. Ya tisa anasema wenzake wa kikoba wamekuja, wamekaa kwenye mkeka kama msibani, hakuna anayemuuliza hela, lakini hakuna anayeondoka. Ya kumi na moja haina maneno. Unasikia jogoo na mama anavuta kamasi.

Nikapiga. "Shikamoo mama." Hakuitikia marahaba. Alisema tu, "Wameniambia umebeba unga," akaanza kulia. Nyuma nasikia wale wanawake wanapiga vigelegele.

Wadau, nililia dukani kwa Mchina mpaka akaniletea kiti. Na aliyekuwa ananishika bega ni yule yule niliyemwekea kikatuni cha punda.

Tukarudi kwenye kazi. Kwa hotspoti yake nikawaandikia huduma kwa wateja wa laini yangu, wakaniuliza maswali ya kunitambua, wakawasha romingi. Kaka yangu akanirushia vocha kutoka Mbagala. Nikazima simu, nikawasha, nikachagua mtandao kwa mkono, huyoo, huduma ikarudi. OTP ikaingia, kadi ikaungwa, nikamalizia kulipa mzigo. Wakati wa kulipa nikagundua malipo yanayozidi yuani 200 kwa kadi ya nje yanakatwa asilimia 3 juu. Kwa mzigo mkubwa hiyo si hela ndogo, iwekeni kwenye hesabu mapema.

Nikataka kumrudishia zile 800. Alipay ya kadi ya nje haikuruhusu kumtumia mtu hela, unalipa dukani tu. Akasema, "Nitumie kwenye namba yangu ya Bongo." Kwa hiyo wote tuko Guangzhou, hela inatoka Dar inaingia Dar. Nikaingiza namba, na mnajua kabla ya kuthibitisha jina la mwenye laini linatokea. Likatokea jina lake la kuzaliwa. Si lile mnalolijua. Ni jina la kawaida kabisa, kama la binti yeyote niliyesoma naye. Nililitazama muda mrefu kabla ya kubonyeza.

Simu yake ikalia. Akasoma meseji, akanyamaza. Halafu akanigeuzia kioo. Namba niliyotumia ndiyo namba yangu ya matangazo, ile iliyo chini ya blogu hii. Kwake ameihifadhi tangu mwaka jana. Ameandika: "Yule wa punda."

"Nilikupigia mara nne siku ile," akasema. "Nilitaka ukamfute yule punda tu. Hukupokea."

Ni kweli. Niliziona simu za namba ngeni, nikadhani ni wadai.

Nikasema dada nisamehe. Hakunijibu hapo hapo. Alisema, "Mama yangu ana presha. Alisomewa na mtoto wa jirani." Akachukua mifuko yake. Alipofika mlangoni akageuka: "Msalimie mama yako. Na jina langu usiandike, hata kwa mazuri."

Ile posti nimeifuta, na komenti zake zote. Najua kuifuta hakumrudishii usiku aliokosa usingizi, lakini ndicho nilichoweza. Simu yangu ilikaa kimya siku mbili tu, watu wakapata nafasi ya kuijaza maneno yao. Yeye hakukaa kimya, mimi ndiye sikupokea.

Sasa kwa wewe unayesafiri, hasa China, fanya haya kabla hujapanda ndege ili mama yako asikae kwenye mkeka:

1. Washa romingi ukiwa nyumbani, uliza bei ya bando lake, na uache salio la kutosha. Hata kama data utanunua kwingine, laini yako ibaki hai kwa ajili ya OTP. Usiitoe kwenye simu ukaitupa kwenye mkoba.

2. Bonyeza *#06#. Ukiona namba ya EID, mara nyingi maana yake simu yako inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Unaweza kununua eSIM ya safari mtandaoni ukiwa bado Bongo, na ile inayopitishia data nje ya China itakufungulia WhatsApp. Simu yangu haikuwa nayo, kama simu nyingi za bei zetu.

3. Fungua Alipay na WeChat nyumbani, thibitisha pasipoti, unga kadi, pokea OTP ukiwa sebuleni. Weka kadi mbili za sehemu tofauti, moja ikigoma nyingine ipo.

4. Iambie benki au kampuni ya simu kwamba unasafiri, na uulize kama kadi yako imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni na ya nje, na kikomo chake kwa siku ni kiasi gani.

5. Beba noti za siku tatu au nne. Zinapokelewa, ila chenji ni mbinde, hivyo omba noti ndogo. Treni ya chini ya ardhi ya Guangzhou inaanzia yuani 2, na unaweza kununua tokeni kwa noti.

6. Waambie nyumbani mapema: kule wametutangulia saa tano, na WhatsApp inaweza isifunguke. Mpe mama namba ya hoteli kwenye karatasi.

Mikoba imefika salama, kina mama wameuza, na kila mmoja amerudisha laki mbili yake na faida juu. Wananiambia nirudi tena. Nitarudi.

Na namba ya matangazo bado ni ile ile. Siku hizi nikiona namba ngeni, napokea.