Pishi ya Mshihiri

Mjukuu wangu aliagizwa apime mchele wa zakatul-fitri, pishi kwa kila kichwa. Akakimbilia simu. Tovuti ile ya kubadili vipimo inajua pauni, galoni, hata maili za baharini, pishi haiijui. Na haba na haba kaisoma shuleni, ila kibaba chenyewe hajapata kukiona! Hata ingeijua isingemfaa sana: pishi hupima ujazo, kilo hupima uzito, na pishi ya mchele haina uzito wa pishi ya tende. Ndiyo maana msikiti huu utasikia kilo mbili na nusu, ule kilo tatu.

Vibaba vinne, pishi moja. Dukani kwa Mshihiri wetu, Tanga, pishi ilikuwa kopo la bati lililotundikwa msumarini, juu ya gunia la papa mkavu. Mafuta ya taa yalinuka mpaka kwenye sukari. Mshihiri alichota mchele, akalitikisa kopo, kisha akapitisha kiganja mdomoni mwa kopo: huo mfuto. Mama akimkazia macho aliongeza konzi, akaongeza tena, mpaka punje zikaporomoka pembeni: hiyo tele. Bei ile ile. Mfuto ulikuwa wa wapita njia na wa wenye madeni. Nyama ilikwenda kwa ratili, kitambaa kwa wari, na karafuu za Unguja na Pemba kwa frasila, yaani ratili 35.

Kilo zilipoingia, wengine husema mwishoni mwa miaka ya 60, wengine mwanzoni mwa 70. Wenzangu niliowauliza kila mmoja ana mwaka wake, nimewaachia. Mshihiri hakununua mawe mapya ya mizani upesi. "Kilo ni ratili mbili na chembe, mwanangu," aliniambia. Chembe hiyo ni kama gramu 93, na nyumbani kwetu haikuwahi kufika.

Baadaye debe likawa ndoo ya lita 20, duka likawa la simu. Shamba limebaki ekari, mbao na runinga inchi.

Tele nayo ipo, ila imegeuzwa. Siku hizi ni lumbesa: gunia la viazi linashonewa kilemba, anayeongezewa ni dalali na anayepunjwa ni mkulima. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Nenda Lushoto msimu wa mavuno ukaangalie malori yanavyopakiwa.