Droni Haioni Kalavati

Eti droni inaona kila kitu. La hasha, ndugu msomaji! Inaona juu tu, na barabara za kwetu Malolo, upande wa Nachingwea na Ruangwa, ugonjwa wake uko chini.

Siibezi lakini. Mwaka 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na ramani ikatoka. Kidege kinapita huku na huku kikipiga mamia ya picha zinazopandiana, kompyuta inaziunga ziwe moja, na kwa kuzilinganisha inapima hata miinuko na mabonde ya ardhi. Shimo linajulikana kina chake. Korongo lililokula nusu ya njia linaonekana, tena lina tarehe. Hapo ndipo ninapoipenda, maana ripoti ya mdomo unaweza kuikana, picha yenye tarehe utaikanaje?

Sasa njoo kwetu. Njia nyingi zinapita chini ya mikorosho na miembe. Ukiwa angani utaona majani, basi. Na pale kalavati lilipoziba kwa mchanga, pichani barabara itatokea safi kabisa. Kumbe masika yakija maji hayana pa kupita, yanapanda juu na kuondoka na changarawe yote. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko yaliyoikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, huko Kilwa, nchi nzima ilipata habari. Njia tunayopitishia ufuta na wagonjwa ikikatika, anayejua ni mwenye bodaboda.

Nilimsimulia mjomba kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa mpwa wangu, hiyo ndege yenu inakuja mwezi gani?"

"Kiangazi, mjomba. Mvua na upepo mkali haiviwezi."

"Basi itakuta barabara nzuri. Mwezi wa nane hata baiskeli ya mtoto inapita."

Nilikosa jibu. Ingekuwa amri yangu, ingerushwa mara mbili: Agosti, halafu Machi siku mvua ikipumzika. Picha zote zibandikwe ofisi ya kijiji, wenyeji wazione na kuzisahihisha kabla hazijapelekwa wilayani. Na huko chini ya mikorosho mtu ashuke, atembee kwa miguu. Mjomba ameshanitajia makalavati manne ya kuanzia.