ALEXANDRE DUMAS NA HABARI ZA WAZEE WETU



Alexandre Dumas tunamjua juu ya kitabu chake Les Trois Mousquetaires. Lakini wengi kati yetu hawajui kwamba mama wa baba yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa mweusi katika kisiwa cha Saint-Domingue, upande unaoitwa leo Haiti. Mtoto wa mama huyu alifika Ufaransa, akawa jenerali. Alikufa mwaka 1806, na Alexandre alikuwa hajatimiza miaka mine. Basi baba yake alimjua zaidi kwa kinywa cha watu, na baadaye akaandika habari zake.

Dumas hakusoma shule sana. Mwandiko wake mzuri ndio ulimsaidia kupata kazi ya karani kule Paris mwaka 1823. Tena alipenda mambo ya kale. D'Artagnan alikuwa mtu wa kweli, askari wa mfalme, aliyeanguka vitani mwaka 1673. Dumas alimkuta ndani ya kitabu cha zamani, na pamoja na mwenzake Auguste Maquet wakamwamsha. Mwaka 1844 habari ile ilitoka katika gazeti, kidogo kidogo. Mwaka 2002 Wafaransa walihamisha mifupa ya Dumas mpaka Panthéon, pahali pa watu wao wakubwa.

Na sisi wa Yanonge? Habari za mto huu zilipita kwa lokole. Mmisionari John Carrington alijifunza lugha ya ngoma ile kwa Walokele, akaandika kitabu mwaka 1949. Yeye alikuwa mgeni. Sisi wenyeji tumeandika nini? Wazee waliokuwa vijana kama sisi wakati wa uasi wa 1964 wamekwisha kupita miaka 70, na wengine tumewazika. Yale waliyoona, nani kati yetu ameyaandika?

Lakini tuangalie vizuri. Dumas alichanganya kweli na mambo ya kutunga, sababu alitaka kufurahisha wasomaji. Sisi tuanze na kweli: kijiji, mwaka, jambo ambalo mzee aliona kwa macho, na lile alilosikia tu. Kutunga kutafuata. Yoshua alisimamisha mawe 12 ya Yordani juu ya watoto watakaouliza. Kwetu, mara nyingi watoto hatuulizi.

Ndugu, likizo iko karibu. Kila mmoja achukue kaye na bik, aketi na mzee wa kwao, aandike hata ukurasa mmoja. Tukirudi, tutasoma pamoja, na gazeti letu hili litachapa.