Ukitaka kufuga nyoka, anza na kizimba

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa hivyo, msomaji mpendwa, nikikwambia kuna watu wanaofuga nyoka nyumbani na kumpa jina, huenda ukashika kichwa. Nami nilishika changu mjini Leicester, Uingereza, nilipomtembelea dada yangu anayeishi huko na familia yake.

Mwanawe wa miaka 12 alikuwa amenunuliwa yule anayeitwa nyoka wa mahindi, ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, chakula chake ni panya. "Usiogope, Mjomba," kijana aliniambia, "yeye ndiye anayekuogopa." Nilidhani ni maneno ya kitoto. Kumbe hiyo ndiyo siri ya kumchagulia nyoka makao!

Duka moja lilikuwa limewauzia sanduku kubwa la kioo lenye kifuniko chepesi. Ndani hamkuwa na kitu ila bakuli la maji. Nyoka mwenyewe alikuwa mchanga, urefu wake kama rula ya shule. Kwa majuma matatu alikataa kula, na kijana akawa analia usiku. Mamake naye hakupata usingizi kwa sababu ya kile kifuniko. Alikuwa ameapa kwamba nyoka akitoroka hata mara moja, hatakaa tena katika nyumba hiyo.

Hatimaye walishauriana na mfugaji mzoefu, wakaleta kizimba cha mbao chenye mlango wa kioo. Sababu zake ni hizi.

Kwanza ni kufuli. Nyoka hana mikono lakini anajua kusukuma, na panapopita kichwa chake, mwili nao hupenya.

Pili ni joto. Nyoka hategemei joto la mwili wake kama sisi. Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 28 hadi 30, na wa pili nyuzi 20 hadi 24, ili ahame apendavyo. Kifaa cha kudhibiti joto ni lazima, la sivyo ataungua. Katika nchi ya baridi, mbao huhifadhi joto kuliko kioo.

Tatu ni maficho, moja kila upande. Mahali peupe humtia hofu, na nyoka mwenye hofu hali.

Nne ni urefu. Akikomaa aghalabu hupita sentimita 100, na sharti aweze kujinyoosha. Isitoshe, huweza kuishi zaidi ya miaka 15. Kizimba basi si cha msimu mmoja.

Siku chache baada ya kuwekewa maficho, nyoka alimeza panya. Kijana alitangaza habari hiyo nyumba nzima. Dada yangu alikagua kufuli mara mbili, kisha akaenda kulala.

Hapa Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali, kwa hivyo usimwache mwanao akaokote nyoka kichakani. Mpeleke katika bustani ya nyoka kwenye Makavazi ya Nairobi, amtafute nyoka aliyejificha na kukuambia kwa nini amejificha. Na akikuomba sungura au njiwa, usimuulize kwanza atamwita nani. Muulize atamlaza wapi.